Mstari Unapokataa Kupita Sifuri: Kutafuta Makosa katika Jaribio la Kani, Masi na Mchapuko

Kila mwaka, mada ya sheria za mwendo inapofika katika kidato cha tatu, jaribio moja hunibakiza maabarani hadi jua linapotua. Ni lile la kigari kinachovutwa juu ya ubao kwa uzi unaopita kwenye kapi, ili wanafunzi wajionee wenyewe jinsi kani, masi na mchapuko zinavyohusiana. Nililisimamia jaribio hili nilipokuwa karibu na Kisumu, na sasa nalisimamia Nakuru, na kote huko nimeona jambo lilelile likijirudia. Mwanafunzi huchora alama zake tano kwenye grafu, akaona zinaelekea kuikwepa sifuri, akachukua rula na kuulazimisha mstari upite penye sifuri, kisha akaandika kwamba sheria imethibitishwa. Baadhi yetu walimu humpa maksi zote. Naliona jambo hilo kuwa hasara kubwa, kwa sababu pale mstari unapokata mhimili ndipo penye habari: panalitaja kosa lililofanyika, na mara nyingi panataja pia ukubwa wake kwa nyutoni au kwa sentimita.

Kwa hiyo nimeupanga mwongozo huu kuanzia kwenye dalili, jinsi inavyoonekana kwenye utepe au kwenye grafu, na kutoka hapo kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Vifaa ninavyovizungumzia ni ubao wa mita 2, kigari chenye magurudumu, kipimamuda kinachogonga nukta 50 kila sekunde kwenye utepe wa karatasi unaoburutwa na kigari, na mawe ya mizani yanayoning'inia kwenye ndoano upande wa pili wa kapi. Katika mifano ya sehemu ya kwanza, ambamo kani hubadilishwa na masi hubaki ileile, masi yote inayosogea, yaani kigari, mawe yaliyo juu yake, ndoano na mawe yanayoning'inia, ni kilo 1.25, na kinachoning'inia, ndoano ikiwemo, huanzia gramu 20 na kuishia gramu 100. Kani imewekwa kwenye mhimili wa mlalo na mchapuko kwenye mhimili wa wima. Mwinamo unaotarajiwa basi ni 1 gawanya kwa 1.25, yaani 0.80, na mstari unatarajiwa kupita sifuri.

Utepe hauna nukta, au nukta zimefifia

Dalili hii ni rahisi, nami sitakaa hapo sana. Vipimamuda vingi vya shule huendeshwa kwa mkondo geu wa volti chache, na ni huo ugeukaji wa mkondo unaoutetemesha ulimi, yaani kibati chembamba kinachogonga nukta. Ulimi ukivutwa mara moja kisha ukatulia, nyaya zimechomekwa kwenye matundu ya mkondo mnyofu, ambayo kwenye transfoma nyingi yako karibu kabisa na yale ya mkondo geu. Kwa sababu hiyohiyo, betri ya gari haitakufaa hata ikiwa na volti zinazotosha. Kama ulimi unatetemeka vizuri na nukta hazionekani, tazama karatasi ya kaboni: upande wenye wino sharti uuelekee utepe, na karatasi hiyo, iliyokatwa kwa umbo la duara, izunguke bila kukwama, kwa maana ikikwama ulimi hugonga mahali pamoja mpaka wino unakwisha. Nukta zinazotokea mbilimbili, moja nzito na nyingine hafifu pembeni yake, ni za ulimi uliolegea na unaodunda, na dawa yake ni kukaza skrubu.

Nukta za mwanzo kabisa husongamana hata kifaa kikiwa kizima, kwa sababu kigari kilikuwa bado kimeshikwa. Zikate, uanze kuhesabu pale nukta zinapoweza kutenganishwa kwa jicho.

Mstari unaukata mhimili wa kani

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote. Alama ziko kwenye mstari mnyofu, mwinamo ni ule uliotarajiwa, lakini mstari unagusa mhimili wa kani mbele ya sifuri, tuseme kwenye nyutoni 0.15. Grafu inasema kwamba nyutoni 0.15 za kwanza hazikukisogeza kigari hata kidogo, bali ziliishia kwenye msuguano. Kilichochapusha kigari ni kile kilichobaki baada ya msuguano kuchukua sehemu yake, na kwa kuwa msuguano ulichukua kiasi kilekile kila mara, mstari wote umesogea kulia bila kubadilisha mwinamo.

Ubao ulipaswa kuinuliwa upande mmoja ili mteremko ufidie msuguano. Mara nyingi wanafunzi wamekwisha kuuinua, nao hushangaa kuambiwa kwamba kazi hiyo haikukamilika. Ukiwauliza walivyofanya, utagundua walikisukuma kigari kikiwa hakina utepe, wakaridhika kilipofika mwisho wa ubao. Utepe unaopita chini ya kaboni na kugongwa mara 50 kwa sekunde una msuguano wake, na kwa kigari chepesi msuguano huo si mdogo. Kwa hiyo fidia ifanywe utepe ukiwa umeshikizwa na kipimamuda kikiwa kimewashwa, uzi na ndoano vikiwa vimeondolewa, na kigari kisukumwe kidogo tu kwa kidole. Tena jicho lisiaminiwe katika kuamua kama mwendo ni sawa. Ukate utepe, uupime: nafasi kumi za mwanzo zikilingana kwa urefu na nafasi kumi za mwisho, fidia imekamilika, zikiwa zinafupika, inua zaidi.

Kuna ushahidi wa pili ambao wengi huutupa kwenye kapu la takataka. Mawe yanapogonga sakafu, uzi hulegea na kigari huendelea peke yake hadi mwisho wa ubao, hivyo mkia wa utepe huandika mwendo ambao haukuvutwa na chochote. Kama fidia ni kamili, nafasi za mkia huo zinalingana. Kama kuna nyutoni 0.15 za msuguano zilizobaki, kigari kilichosalia na masi ya kilo 1.15, baada ya gramu 100 kubaki sakafuni, kitapunguza mwendo kwa takriban 0.13 m/s², na kila kipande cha nafasi kumi kitakuwa kifupi kuliko kilichotangulia kwa milimita 5 hivi. Grafu na mkia wa utepe ni mashahidi wawili ambao hawakushauriana. Vikitoa kiasi kimoja cha msuguano, huna haja ya kutafuta mchawi mwingine, na ninapoona mwanafunzi amefikia hapo peke yake, huwa naona kwamba somo limeingia kuliko ambavyo lingeingia kwa mstari uliopita sifuri mara ya kwanza.

Magurudumu nayo yatazamwe kabla ya kuinua ubao kupita kiasi. Hapa Nakuru, mji ambao jina lake husemwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai linalohusu vumbi, kigari kilichokaa rafuni muhula mzima hakiwezi kuaminiwa. Vumbi laini huingia kwenye mhimili wa gurudumu, na nywele na nyuzi hujizungusha humo bila kuonekana. Brashi ndogo na tone moja la mafuta mepesi hutosha. Grisi nzito isitumiwe, kwa kuwa hulikamata vumbi jipya na kuwa chanzo cha tatizo lilelile baada ya wiki chache.

Mstari unaukata mhimili wa mchapuko juu ya sifuri

Sasa grafu inadai kwamba kigari kinachapuka hata kisipovutwa. Vyanzo viwili huzaa picha hii hii, na kwa jicho haviwezi kutofautishwa kwenye grafu.

Cha kwanza ni ubao ulioinuliwa kupita kiasi. Kwa ubao wa mita 2, kila sentimita 1 ya ziada inaongeza mchapuko wa karibu 0.05 m/s², kwa hiyo mstari unaoanzia 0.10 unakuambia ushushe ubao kwa sentimita 2. Cha pili ni ndoano kusahauliwa. Mwanafunzi huhesabu mawe aliyoyatundika, wala hakumbuki kwamba ndoano yenyewe ina uzito. Ndoano ya gramu 10 huvuta kwa nyutoni 0.098 katika kila jaribio, na kwa masi ya kilo 1.25 hiyo ni 0.078 m/s² isiyo na mwenyewe kwenye jedwali.

Ili kujua ni kipi kati ya hivyo viwili, ondoa uzi pamoja na ndoano, kisukume kigari kidogo na usome utepe. Nafasi zikilingana, ubao hauna lawama na ndoano ndiyo iliyosahauliwa. Nafasi zikizidi kurefuka, ubao umeinuka mno. Inawezekana pia makosa yote mawili yamo, na hapo rekebisha ubao kwanza kwa kuwa ndoano inaweza kuongezwa kwenye hesabu bila kurudia jaribio, ilhali ubao ulioinama vibaya unakulazimu kuanza upya.

Alama za juu zinapinda kuelekea chini

Alama tatu za kwanza zinaonekana kwenye mstari mmoja, za nne na tano zinashuka kidogo. Hapo uliza swali moja tu: mawe yaliyoongezwa kwenye ndoano yalitoka wapi? Yakiwa yalitoka mezani, masi yote inayosogea imekuwa ikiongezeka pamoja na kani, na mwanafunzi amebadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja.

Wanafunzi wengi huona ugumu hapa, na ugumu wao una haki. Wanadhani mawe yanayoning'inia ni kani tu, na masi ni kigari tu. Lakini uzito wa mawe hayo unakivuta kigari na pia unayavuta mawe yenyewe, ambayo yanashuka kwa mchapuko uleule wa kigari. Ndiyo maana masi inayoingia kwenye hesabu ni ya vitu vyote vilivyofungwa kwenye uzi huo, na ndiyo maana mkazo wa uzi kigari kikiwa mwendoni huwa mdogo kuliko uzito wa mawe. Chukua kigari cha kilo 0.50 ambacho mawe yake yanatoka mezani. Gramu 20 zitakipa mchapuko wa 0.376 m/s², na gramu 100 zitakipa 1.63 m/s². Kani imeongezeka mara 5, mchapuko umeongezeka mara 4.3 tu. Kigari kikiwa kizito zaidi, mpindo hupungua, nao unaweza kujificha ndani ya makosa ya kupima, lakini haupotei.

Tiba yake ni kuyapanga mawe yote juu ya kigari tangu mwanzo, na kila unapotaka kani kubwa zaidi uhamishe jiwe moja kutoka kigarini hadi kwenye ndoano. Hakuna kinachoingia wala kutoka katika msafara huo. Mawe yanayobaki kigarini yashikizwe kwa plastisini au utepe wa gundi, kwa kuwa jiwe linaloteleza juu ya kigari wakati wa kuondoka haliko katika mchapuko uleule na kigari.

Mstari unapita sifuri vizuri, lakini mwinamo si wake

Dalili hii naihofia kuliko zilizotangulia, kwa sababu haionekani. Grafu ni nzuri, mwanafunzi anafurahi, mwalimu anapita meza inayofuata. Ni pale tu unapogeuza mwinamo ili upate masi, kisha ukakiweka kigari na mawe yake kwenye mizani, ndipo unapogundua kwamba nambari hizo mbili hazikubaliani. Kwa sababu hiyo naomba upimaji wa masi kwa mizani usiachwe, hata kama maswali ya jaribio hayauulizi. Mkengeuko wenyewe ukipimwa, hukuongoza kwenye chanzo.

Masi ya grafu ikiwa karibu mara moja na nusu ya ile ya mizani, tazama jinsi nukta zilivyohesabiwa. Muda wa sekunde 0.02 ni wa nafasi kati ya nukta mbili, hivyo sekunde 0.1 ni nafasi tano, nazo zinahitaji nukta sita. Mwanafunzi anayehesabu nukta tano, ile ya kwanza ikiwemo, amekata nafasi nne za sekunde 0.08 huku akiandika 0.1. Kwa kuwa mchapuko hupatikana kwa kugawanya urefu kwa muda mara mbili, kosa hilo linajizidisha: anapata 0.64 tu ya mchapuko halisi, na masi ya grafu inakuwa mara 1.56 ya ile ya kweli. Kwa kila mwanafunzi anayenionyesha grafu ya namna hii, huomba kwanza aninyooshee kidole nukta anayoiita sifuri, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Kosa jingine la jamii hiyo liko kwenye muda kati ya vipande. Mwendo unaopatikana kwa kugawanya urefu wa kipande kwa muda wake ni mwendo wa wastani, na ni mali ya katikati ya kipande hicho. Kutoka katikati ya kipande cha kwanza hadi katikati ya cha sita kuna miruko mitano, si sita, kwa hiyo vipande sita vya sekunde 0.1 vinatenganisha mwendo wa kwanza na wa mwisho kwa sekunde 0.5. Anayegawanya kwa 0.6 anapoteza sehemu moja ya sita ya mchapuko wake.

Masi ya grafu ikitofautiana na ya mizani kwa sehemu chache za mia, au hata zaidi ya kumi, na hesabu za nukta ziko sawa, angalia umeme. Kipimamuda hufuata mtindo wa mkondo unaokilisha, na hezi 50, yaani mizunguko 50 ya mkondo kwa sekunde, ni ahadi ya gridi ya taifa, wala si ahadi ya kila jenereta. Stima inapopotea katikati ya kipindi na jenereta ndogo ya petroli ikawashwa, mwendo wa injini hushuka kadiri mzigo unavyoongezeka, na hezi hushuka nao. Tuseme zimefika 47. Nukta sasa zinagongwa polepole kuliko unavyodhani, nafasi zinarefuka, na mchapuko unaokokotolewa kwa kuamini hezi 50 unazidi ule wa kweli kwa asilimia 13, kwa kuwa kosa la hezi nalo huingia mara mbili. Kama nusu ya darasa ilifanya jaribio kwa gridi na nusu nyingine kwa jenereta, matokeo yao yasichanganywe kwenye grafu moja.

Njia niipendayo ya kukikagua kipimamuda ni kukisimamisha wima ukingoni mwa meza na kuangusha jiwe la gramu 500 lililofungwa kwenye utepe, chini pakiwa na mfuko wa mchanga wa kulipokea. Katika sehemu zetu, zilizo karibu na ikweta, mchapuko wa kitu kinachoanguka ni takriban 9.78 m/s². Msuguano wa utepe unaweza tu kuipunguza nambari hiyo, kwa hiyo ukipata 9.5 usiwe na wasiwasi. Ukipata 11, msuguano hauwezi kulaumiwa hata kidogo. Hezi ziko chini ya 50, au nukta zimepimwa vibaya.

Nambari hiyo ya 9.78 yenyewe ina neno. Katika mitihani yetu wanafunzi huruhusiwa kutumia nyutoni 10 kwa kila kilo, nami sina ugomvi na hilo katika maswali ya karatasi. Lakini anayeitumia hapa ameikuza kila kani kwa zaidi ya asilimia 2, na masi yake ya kilo 1.25 itatoka kwenye grafu ikiwa karibu kilo 1.28. Kwa aliyefanya kazi kwa uangalifu, tofauti hiyo inaonekana, na ni haki yake kuelezwa kwamba haikutoka mikononi mwake. Kuzunguka kwa dunia na jinsi ilivyotuna katikati ndiko kunakotupa mvutano mdogo kidogo kuliko wa ncha za dunia, ambako nambari hiyo hufika 9.83. Tofauti kati ya Nakuru, iliyo juu ya bahari kwa takriban mita 1,850, na Kisumu, iliyo kwenye mita 1,130 hivi, ni ndogo mno kuweza kuonekana kwa kigari na utepe.

Alama zimetawanyika bila mpango

Alama zisipokubali mstari wowote, usitafute chanzo kimoja. Anza na kani ndogo. Kwa gramu 20 mchapuko unaotarajiwa ni 0.16 m/s² hivi, na vipande vya nafasi tano vitazidiana kwa milimita 1.6 tu, ambayo rula ya kawaida haiwezi kuipima kwa kuaminika. Tumia vipande vya nafasi kumi, na tofauti inakua mara nne, hadi zaidi ya milimita 6. Nimeona grafu zikitulia kwa badiliko hili peke yake.

Kisha tazama uzi. Toka kwenye kigari hadi kwenye kapi uzi uwe sambamba na ubao, kwa kuwa uzi unaopanda au kushuka hukivuta kigari kwa sehemu tu ya mkazo wake, na pembe yenyewe huongezeka kigari kinapokaribia kapi. Kwa pembe ya digrii 10 hasara haifiki asilimia 2, lakini kwa digrii 20 ni asilimia 6.

Ubao unaobonyea katikati una alama yake ya pekee: vipande vinarefuka haraka mwanzoni mwa safari, kisha vinarefuka polepole au vinafupika mwishoni, ingawa kani haikubadilika. Nilipokuwa upande wa Kisumu, ubao wetu ulichongwa na seremala wa soko la Kibuye, nao ulikuwa umenyooka kama uzi ukiwa mtupu. Mimi ndiye niliyeutegemeza kwa ncha mbili tu, na ukibebeshwa kigari cha kilo 2 ulibonyea vya kutosha kuharibu kazi ya siku nzima. Tegemeo moja katikati lilimaliza tatizo.

Kani moja, masi tofauti

Katika sehemu ya pili ya jaribio kani haibadilishwi, na kigari hubebeshwa mzigo unaozidi kuongezeka. Anayepita barabara za Muhoroni ameliona jambo hili mara nyingi: trekta ileile huondoka kwa wepesi ikiwa na tela tupu, na kwa kujikokota ikiwa imejaa miwa. Tuseme mawe na ndoano vinavyoning'inia ni gramu 50, yaani nyutoni 0.489, na kigari kitupu ni kilo 0.80.

Malalamiko ya kwanza huwa kwamba grafu imepinda. Mchapuko ukichorwa dhidi ya masi, mpindo ndio jibu sahihi, na mwanafunzi asiunyooshe. Mstari mnyofu hupatikana mchapuko unapochorwa dhidi ya 1 gawanya kwa masi, na mwinamo wake ni kani. Mstari huo ukianzia chini ya sifuri, msuguano haukufidiwa kikamilifu; ukianzia juu, ubao umeinuka mno, kama ilivyokuwa katika sehemu ya kwanza.

Lakini kama mstari bado umepinda hata baada ya kugeuzwa hivyo, na alama za mizigo midogo zimelala badala ya kupanda, karibu kila mara mwanafunzi ameandika mzigo aliouongeza tu na kukisahau kigari. Badala ya kumrudisha mwanzo, mwambie achore 1 gawanya kwa mchapuko dhidi ya mzigo huo aliouandika. Kwa mizigo ya kilo 0, 0.5, 1.0 na 1.5, mchapuko utakuwa 0.575, 0.362, 0.264 na 0.208 m/s², na 1 gawanya kwa kila mmoja wao ni 1.74, 2.76, 3.78 na 4.81. Mstari ni mnyofu, na ukirefushwa nyuma unaukata mhimili wa mzigo kwenye kilo 0.85 upande wa hasi. Hiyo ndiyo masi aliyoisahau: kilo 0.80 za kigari na gramu 50 zinazoning'inia. Grafu imempimia kigari bila mizani. Sijui jambo jingine katika jaribio hili linalomfanya mwanafunzi anyamaze na kuitazama karatasi yake kwa muda mrefu namna hiyo.

Swali moja huulizwa sana: je, ubao uinuliwe upya kila mzigo unapoongezwa? Kwa sehemu kubwa, hapana. Msuguano wa magurudumu huongezeka kwa uwiano na uzito, na mvuto wa mteremko nao huongezeka kwa uwiano uleule, hivyo viwili hivyo huendelea kufidiana. Kisichoongezeka ni msuguano wa utepe. Ukifidia ubao kwa kigari kitupu, sehemu ya mteremko uliyoitenga kwa ajili ya utepe itakuwa imezidi kigari kikipakiwa kilo 1.5, na alama za mizigo mikubwa zitaelea juu kidogo ya mstari uliotarajiwa. Dalili hiyo ikionekana, hakikisha utepe unapita bila kubanwa kwenye mlango wa kipimamuda, kisha fidia ubao upya ukitumia mzigo wa katikati, kilo 0.75 hivi, na urudie usomaji wa mzigo mdogo kabisa na ule mkubwa kabisa kabla ya kugusa kingine chochote.